Bosi wangu hataki barua pepe itoke bila yeye kuisoma

Maswali ya wasomaji kuhusu kazi. Anayejibu ni afisa utumishi mstaafu aliyefanya kazi Arusha kwa miaka mingi, sasa anaishi Moshi.

SWALI

Shikamoo mama. Nina miaka 27, nafanya kazi kampuni ya utalii hapa Arusha, ofisi iko Njiro. Kazi yangu ni kuwajibu wageni na mawakala wa nje, kuandaa ratiba za safari na kuweka nafasi za vyumba kwenye loji. Nina mwaka mmoja na miezi miwili. Kazi naipenda, na wageni wakirudi kwao huniandikia kunishukuru.

Shida ni bosi, ambaye ndiye mwenye kampuni. Ofisini tunamwita Mzee. Kila barua pepe lazima aisome kabla haijatoka, na anairudisha mara tatu, mara nne. Leo anataka niandike "karibuni sana", kesho anaifuta, anasema tunajirahisisha. Wageni wakiwa njiani haachi kuuliza. Wamepita Makuyuni? Wameshakula Karatu? Dereva amelipa langoni? Nikimpigia dereva akiwa Serengeti pasipo mtandao, Mzee anasimama nyuma ya kiti changu mpaka apatikane. Usiku saa nne, saa tano, meseji zinaingia WhatsApp, na nisipojibu, asubuhi nasemwa mbele ya wenzangu. Mwezi wa tano alimpigia wakala wa Ujerumani ambaye nilishamalizana naye, akamuuliza yaleyale. Niliona aibu sana.

Mchumba wangu anasema niache kazi. Mama yangu anasema nivumilie, kazi hazipatikani. Sasa hivi kichwa kinaanza kuuma nikiona tu namba ya Mzee kwenye simu. Nifanyeje?

Mfanyakazi wa Njiro

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Wapo wengi walioishi hivyo katika ofisi za utalii za Arusha, na najua inavyomchosha mtu. Anayesahihishwa kila sentensi hufika mahali akashindwa kuandika hata ile aliyokuwa akiiandika vizuri. Hicho kichwa usikidharau. Kama hakitulii hata siku ya mapumziko, nenda hospitali ukapimwe, usiishie kumeza dawa za maumivu.

Mchumba anasema acha, mama anasema vumilia. Wote wanakutakia mema, ila hakuna aliyeuliza Mzee anaogopa nini, na mimi naomba uanzie hapo. Mabosi wanaofuatilia kila kitu wapo wa namna mbili, na kwa kuwatazama tu huwezi kuwatofautisha. Yupo mwenye hofu. Yupo anayekutafutia kosa ili uondoke. Wote watasimama nyuma ya kiti chako, wote watakutumia meseji usiku. Linalomfaa mmoja halimfai mwingine. Usipowatofautisha, utavumilia usichopaswa kukivumilia, au utaacha kazi nzuri ambayo ingetengenezeka.

Nilipokuwa kazini nilimfahamu mwenye kampuni mmoja aliyekuwa akiuliza tarehe na saa ya ndege mara tano kwa mgeni mmoja. Wafanyakazi walimchoka. Siku moja mhasibu wa zamani akaeleza chanzo. Familia moja ilitua uwanja wa ndege wa KIA saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15. Tiketi iliandikwa tarehe 15, kama inavyotakiwa, na aliyepanga magari akamtuma dereva usiku wa tarehe 15. Siku nzima ilikuwa imeshapita. Watu walikuwa wamesimama uwanjani usiku na watoto wadogo, hawana mwenyeji, na wakala aliyewaleta hakuleta mgeni mwingine tena. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Binti mmoja pale ofisini, baada ya kusikia habari ile, akaanza kuandika ndege zote za usiku kwa maneno kamili: "Dereva atoke Arusha tarehe 14 saa nne usiku, wageni wanatua saa sita na nusu usiku huohuo." Hakuna aliyemwagiza. Maswali ya ndege kwake yakakoma, wenzake wakaendelea kuulizwa.

Mzee wako naye ana yake. Ukitaka kuyajua, kaa na dereva wa siku nyingi kuliko wote umsikilize. Madereva wanaijua historia ya kampuni kuliko faili zilizo kabatini. Ukumbuke pia mwaka 2020. Korona ilipoingia wageni walikatika ghafla, fedha za amana zilikuwa zimeshapelekwa loji, mawakala wanadai zirudi, magari yamepaki. Wenye kampuni waliovuka pale, wengi wao walivuka kwa kujibu kila barua wenyewe, kwa sababu mshahara wa kumlipa mtu haukuwepo. Wafanyakazi walirudi, ile tabia ikabaki. Na kazi yenyewe, unaijua, haisamehe. Loji inakushikia vyumba mpaka tarehe fulani. Ikipita hujalipa, inawapa wengine, na nyumbu wanapovuka Mto Mara mwezi wa nane, kaskazini mwa Serengeti hupati vingine kirahisi. Kibali cha hifadhi kina saa zake. Gari likichelewa kutoka, kampuni inalipia. Kosa moja dogo linaweza kula faida ya safari nzima. Simtetei. Nataka uone kwamba anapokuuliza kama wamepita Makuyuni, huenda anapiga hesabu kama gari litafika Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro, kabla halijafungwa saa kumi na mbili jioni.

Kwa hiyo acha kusubiri kuulizwa. Andaa ukurasa mmoja wa Excel wenye wageni wote walio njiani na wanaoingia ndani ya wiki mbili: jina la kundi, wanalala wapi leo, gari na dereva, ndege, kilicholipwa, tarehe ya mwisho ya kushikiliwa vyumba. Safu ya mwisho iwe ya mambo ambayo hayajakaa sawa. Hiyo ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo wafanyakazi wengi wanaiogopa. Mtu anayefuatiliwa sana hujifunza kuficha. Anaandika "kila kitu sawa" apate nusu saa ya amani. Bosi mwenye hofu akisoma maneno hayo hofu inazidi, maana anajua hakuna siku katika safari ambayo kila kitu kiko sawa. Lakini akisoma "Loji ya Karatu haijathibitisha chumba cha watu watatu, nimewapigia saa tatu, wamesema watajibu kabla ya saa nane, na nimeshaulizia nafasi kwingine hapohapo Karatu", anaona kwamba tatizo limeonwa na mtu mwingine kabla yake, na mtu huyo ameshaanza kulishughulikia. Hilo ndilo analolitafuta anaposimama nyuma yako.

Mpelekee kila siku kwa saa ileile, tuseme saa tatu na nusu asubuhi na saa kumi jioni, hata siku isiyo na jipya. Kubaliana na madereva watume ujumbe wakitoka Arusha, wakifika Karatu, wakifika langoni na wakifika loji, na umwambie Mzee mapema kwamba baada ya Naabi, lango la Serengeti, mawasiliano yanaweza kukatika na ujumbe unaofuata utatoka loji. Akijua ukimya utakuwepo na utaisha saa ngapi, hautamsumbua sana.

Barua pepe nazo zitenge kwa aina. Chukua zile alizokwisha kuzipitisha: jibu la kwanza kwa mgeni, bei, vyumba vimejaa, kukumbushia malipo, maelekezo kabla ya safari. Kaeni naye mara moja, azisahihishe mpaka aridhike, hata suala la "karibuni sana" liamuliwe siku hiyo. Kisha omba aina mbili uzitume mwenyewe, yeye akipata nakala. Punguzo la bei na malalamiko ya wageni mwachie. Akikataa mbili, omba moja.

Ombi hilo usilitoe mbele ya watu, wala siku ambayo gari limekwama. Nenda asubuhi kabla simu hazijaanza. Ni mkubwa kwako na mali ni yake, kwa hiyo heshima itangulie, ila jambo lenyewe ulitamke lote: "Shikamoo Mzee. Naomba dakika kumi. Najua kosa dogo kwenye kazi hii linatugharimu. Taarifa ya wageni nitakuletea kila siku saa tatu na nusu na saa kumi. Naomba barua za aina hizi mbili nizitume mwenyewe kwa mwezi mmoja, nakala unapata, halafu mwisho wa mwezi tukae tuangalie kama kuna iliyoharibika." Ukimaliza, nyamaza umsubiri. Usiongeze kwamba anakukosesha raha. Ni kweli anakukosesha, ila ukilitaja siku hiyo ataanza kujitetea na habari ya barua itasahaulika. La kusemwa mbele ya wenzako lina siku yake, nalo usiliache: "Mzee, nikikosea naomba uniite ndani unieleze. Nikisemwa mbele ya watu siku yote siko sawa, na hapo ndipo nakosea zaidi."

Usiku ni habari nyingine. Hapo Mzee amevuka mpaka, na sitaki ukubali kwamba ndivyo ajira binafsi zilivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, na saa 24 mfululizo kila wiki. Saa za ziada ni za makubaliano, na hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Wapo wanaosimamia wafanyakazi wengine na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu, ambao masharti hayo ya saa hayawahusu, lakini kwa ulivyoeleza kazi yako sioni kama wewe ni mmoja wao. Sikushauri uingie ofisini kwake na sheria mkononi. Nataka ujue kwamba unapoomba usiku wako, huombi fadhila.

Mgeni akiugua saa saba usiku lazima mtu apokee simu, hilo halikwepeki kwenye utalii. Kwa hiyo usiombe simu izimwe, omba zamu. Iwepo simu moja ya dharura ya kampuni, mpokezane kila wiki, na dharura zitajwe kwa majina: mgeni anaumwa, gari limeharibika, ndege imebadilika. Swali la rangi ya nembo kwenye ratiba litasubiri saa mbili asubuhi.

Haya yote yape mwezi mmoja. Mwenye hofu atabadilika kidogo kidogo. Atauliza mara mbili alipokuwa akiuliza mara sita, na siku moja barua itatoka bila yeye kuikumbuka. Anayekutafutia kosa, taarifa zako hatazisoma. Ukilijibu hili atazua lile. Alichoagiza Jumatatu atakikana Jumatano, kazi zako atapewa mwingine bila maelezo, na barua za onyo zitaanza kuja kwa mambo ambayo jana hayakuwa kosa. Ukiyaona hayo, kila agizo la mdomo lifuatishie ujumbe mfupi wa heshima: "Mzee, kama ulivyoelekeza asubuhi, nimebadilisha loji ya tarehe 9." Tunza nakala ya mkataba wako na yale maelezo ya kazi ambayo mwajiri anapaswa kukupa kwa maandishi. Onyo likija, lijibu kwa maandishi, kwa utulivu.

Na usiandike barua ya kuacha kazi ukiwa na hasira. Sheria inamtambua mtu aliyelazimika kuacha kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike, lakini mzigo wa kuthibitisha hilo unakuwa wako, na malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanatakiwa yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 30. Kabla ya kusaini chochote nenda kwenye ofisi yao ukaulize. Kama utaamua kuondoka, tafuta kwingine ukiwa bado una mshahara. Kampuni nyingi huanza kuongeza watu kabla ya msimu wa Juni. Kisha utoe notisi yako kwa utaratibu, uondoke salama. Arusha ya utalii ni ndogo, mameneja wanapigiana simu.

SWALI

Shikamoo mama. Nauza katika duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wangu, Moshi mjini. Ananituma benki na mamilioni, lakini nikipima misumari anakuja kuipima tena mbele ya mteja. Nyumbani nikisema naambiwa sina shukrani, maana ndiye aliyenisomesha.

Mpwa, Moshi

JIBU

Marahaba. Usimjibu dukani hata siku moja, na usilipeleke kwenye kikao cha ukoo. Likifika huko litaongelewa suala la ada aliyokulipia, misumari itasahaulika. Mfuate peke yake mkishafunga, umweleze kwa upande wa biashara: mteja anayeona kilo yake ikipimwa mara mbili anaondoka akiwaza siku zote alizopimiwa mara moja. Mwombe muikague mizani pamoja kila asubuhi kabla ya kufungua, halafu mchana akuachie. Jioni akague mauzo atakavyo. Isiposaidia, Desemba ndugu wakipanda nyumbani mtafute mmoja tu anayemsikiliza, azungumze naye pembeni.

Na uombe mkataba. Kuwa mpwa hakukuondolei haki ya mshahara unaojulikana na siku ya kupumzika.

SWALI

Dada, mimi ndiye huyo bosi. Naoka keki na kukaanga maandazi Sakina, hapa Arusha, nina wasichana wanne. Nikigeuka, sukari inazidi, keki inaungua, chenji haieleweki. Wawili wameacha mwaka huu, mmoja akaniambia, "Mama, hatupumui." Limeniuma. Nitawaachiaje bila biashara kuharibika?

Mama Keki, Sakina

JIBU

Asante dada kwa kuandika, na hilo neno kukuuma ni dalili nzuri.

Umetaja mambo matatu kwa pamoja, nami nayaona tofauti. Fedha usiiachie. Funga hesabu kila jioni, mbele ya aliyeuza, bila kuona haya. Anayeaminika hachukizwi na hesabu inayofanyika kila siku kwa kila mtu. Sukari ni swali jingine. Vipimo vyako vimeandikwa wapi? Kama viko kichwani mwako, basi ni lazima usimame pale, kwa sababu wewe ndiye kitabu chao. Nunua mizani ya jikoni, andika gramu za kila kitu, ubandike ukutani. Weka na saa yenye kengele karibu na jiko. Nusu ya ugomvi wenu itaisha kabla hujabadilisha chochote katika tabia yako.

Halafu mpe mmoja wao maandazi yote, tangu unga mpaka kuuza. Mwekee kiasi ambacho anaweza kuamua bila kukuuliza, tuseme shilingi 20,000, mayai yakiisha au mteja akirudisha mzigo. Asubuhi wakati wanakaanga, wewe usiwepo. Nenda sokoni, nenda kanisani, kaa nyumbani. Wiki ya kwanza yataungua, na hiyo hasara ihesabu kama ada ya kumfundisha. Yakiungua muulize kwanza yeye anaona sababu ni nini, umsikilize mpaka amalize, ndipo useme lako. Kazi hiyo usiirudishe mikononi mwako. Ukiirudisha mara moja, wote wanne watajua kwamba hukuwa umeitoa.

Tena, kama bado una namba ya yule aliyekwambia hawapumui, mpigie. Muulize ni kitu gani hasa kilichomchosha. Atakueleza wazi kuliko hawa wanaosubiri mshahara wako.